Lubumbashi: Ubao gani utashika mvua chini ya bashi?

Kila mwaka ni vilevile. Mwezi wa 11 ukifika, vumbi jekundu la Lubumbashi linageuka matope mekundu, na kazi ya bashi inaanza. Kilio, ndoa, ibada, mkutano wa karitye, vyote vinafanyika chini ya bashi, ndani ya lupango ao pembeni ya barabara. Bashi inakinga vichwa. Lakini maji yanapita chini, viti vinazama, na wamama wanakaa na miguu ndani ya matope mpaka jioni.

Njo maana watu wanatafuta jukwaa la mbao, wengine wanaita podiumu, la kuweka chini ya bashi. Wanaokodisha viti na bashi wanaongeza jukwaa. Makanisa ambayo hayajajenga yanatengeneza lao. Na kwa ndugu zetu wa Tanganyika na Kivu, ambao vita ao maji ya ziwa yamewaweka chini ya bashi miezi na miezi, jukwaa ni kitu cha lazima: njo linatenga godoro la mtoto na udongo wenye maji.

Shida ni kwamba majukwaa mengi hayamalizi mvua mbili. Nilikuwa kwenye kilio kimoja ku Katuba, jukwaa lilikuwa la kukodi, limepakwa rangi nzuri ya bluu. Mama mkubwa mmoja aliinuka kuenda kusalimia wafiwa, ubao ukakatika, mguu ukaingia mpaka kwenye goti. Tulipoinua ule ubao, juu ulikuwa mzima. Chini ulikuwa unga. Mchwa na maji vilikuwa vimeula kwa siri, rangi ikabaki inatudanganya.

Kwa hiyo swali ambalo wasikilizaji wanatuuliza ni la haki: kwa mtu ambaye hana franga nyingi, ubao gani unashika? Jibu linaanzia kwa seremala, lakini linafika mbali: kwenye pori letu, kwenye makala tunayopikia, na kwenye barabara ya Kasumbalesa.

Maji na mchwa

Lubumbashi iko karibu mita 1.200 juu ya bahari. Mvua inanyesha kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3 ao wa 4, kiisha kiangazi kinashika miezi mingi bila tone. Kwa mwaka tunapata karibu milimita 1.200 za mvua, karibu zote ndani ya miezi hiyo michache. Ubao unavimba wakati wa mvua, unakauka na kupasuka wakati wa kiangazi, na mwaka unaofuata maji yanaingia kwenye zile nyufa.

Lakini mvua peke yake haiozeshi ubao. Kinachoozesha ni kuvu, na kuvu inahitaji ubao ubakie na unyevu siku nyingi. Ubao ambao umelowa asubuhi na upepo ukaukausha mchana unaweza kuishi miaka. Ubao uleule ukilala juu ya udongo, upande wa chini haukauki hata siku moja.

Adui wa pili ni mchwa. Hapa kwetu hakuna haja ya kueleza: ukitoka mjini kidogo unaona vichuguu virefu kuliko nyumba, na udongo wake njo tunachomea matofali. Mchwa anatoka chini ya udongo, hapendi mwanga. Anajenga njia ndogo ya udongo kufuata mguu wa jukwaa, anaingia ndani ya ubao na anakula kutoka ndani. Kama jukwaa limelala chini, huwezi kuiona hiyo njia. Kama limeinuliwa, unaiona na unaibomoa kwa fimbo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jina la mti, uliza ubao wako utakaa wapi: unagusa udongo, ao hauugusi?

Miti tunayoijua

Wazee waliotoka kijijini wanajua miti hii kuliko vitabu. Kwa nguzo ya nyumba ao ya lupango, wengi watakutajia *mubanga*. Ni mti mzito, kiini chake cha rangi ya kahawia, unachosha msumeno. Mchwa anauogopa, na nguzo yake inaweza kukaa ndani ya udongo miaka mingi. Kwa sehemu za chini za jukwaa, hakuna mti wa kwetu unaoupita kwa urahisi.

*Mulombwa* ni ule unaotoa maji mekundu kama damu ukiukata. Kiini chake kinashika mvua na mchwa, na seremala anaupenda juu haupindiki sana. *Mupapi* pia ni mgumu na wa kudumu. *Mukula*, ndugu wa mulombwa, ni mwekundu na mzito. Tutaurudilia, kwa sababu historia yake ni ya peke yake.

*Muputu* na *mutondo* ni miti mingi zaidi ya pori letu la miombo. Inafaa makala, lakini kwenye udongo wenye maji haichelewi kuharibika. Muuzaji akikuambia ni "mbao ngumu ya pori", muulize jina. Ugumu na kudumu si kitu kimoja.

Kiisha kuna miti ya kupandwa. *Kaliptusi* iko karibu kila fasi. Ukikomaa ni ubao wa wastani, unafaa kwa kazi iliyoinuliwa kutoka chini. Ukiwa mchanga, zile fito nyembamba zinazouzwa barabarani, haudumu. Tena kaliptusi inapinda na kupasuka ukiikausha haraka kwenye jua. *Pini* ni nyepesi, inapigika misumari bila taabu. Ile inayopita Kasumbalesa inatoka kwenye mashamba ya miti ya Copperbelt, upande wa Zambia, ambako kampuni ya ZAFFICO inapanda pini na kaliptusi. Bila dawa, pini ikigusa udongo wetu inaliwa upesi sana.

Jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawaangalii: hata mti mzuri una sehemu mbaya. Chini ya ganda kuna sehemu nyeupe ao ya manjano, inayopitisha maji ya mti. Ile haina nguvu ya kujikinga, hata kama ni ya mulombwa. Kinachodumu ni kiini, ile sehemu ya katikati yenye rangi nzito. Ubao wenye nusu nyeupe na nusu nyekundu, ile nusu nyeupe mchwa ataimaliza, na wewe umelipa bei ya mulombwa. Kwa hiyo kwenye depo usinunue ubao ukiwa umepangwa. Ugeuze pande zote, angalia na vichwa vyake viwili.

Kwa nini ubao mzuri umekuwa haba

Mtu atasema: basi tununue mubanga na mulombwa, kazi imekwisha. Jaribu kutafuta. Unaweza kuzunguka depo nyingi, ukapewa pini, kaliptusi na mbao zisizo na jina. Miti inayodumu imekuwa mbali na bei imepanda. Kuna sababu tatu.

Ya kwanza ni makala. Mji wenye mamilioni ya watu unapikia mbabula, na kila umeme unapokatika, hata wale wenye resho wanarudi kwenye gunia. Mchoma makala hachagui sana: muputu unaenda, mutondo unaenda, na mubanga mchanga ambao ungekuwa nguzo ya kesho unaenda pia. Matanuru ya matofali nayo yanakula magogo. Kwa njia ya Kasenga, ya Likasi ao ya Kipushi, wasafiri wanaona pori linasogea nyuma mwaka kwa mwaka.

Ya pili ni mukula. Katika miaka ya 2010, ubao huu mwekundu ulianza kutafutwa sana China kwa vyombo vya nyumba vya kifahari. Vijiji vilivyokuwa vinautumia kwa dawa na rangi viliona malori yanaingia. Mwaka 2017 Zambia ilizuia mamia ya malori, mengi ya Watanzania, yaliyokuwa yamebeba mukula kutoka Kongo. Agosti 2019, mkutano wa CITES uliofanyika Geneva uliweka mukula kwenye orodha ya pili ya mkataba huo, ile ya mimea na wanyama ambao biashara yao ya kuvuka mipaka lazima iwe na kibali. Novemba 2022, mkutano wa Panama uliongeza jamaa wote wa mukula wa Afrika, na mulombwa ndani yake, pamoja na jamaa ya mupapi.

Tueleweke vizuri: CITES inahusu mbao zinazovuka mpaka. Haimkatazi seremala wa Kenya ao wa Kampemba kutengeneza meza ya mulombwa. Lakini ubao wa mulombwa ao wa mupapi ukivuka Kasumbalesa, kwa kuenda ao kwa kuja, unahitaji karatasi. Asiye na karatasi analipa kwa njia nyingine, na sisi wote tunajua hiyo njia, na mwisho ni mnunuzi anayebeba gharama.

Ya tatu ni sheria ya kwetu yenyewe, ambayo iko lakini watu hawaioni. Kodi ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inasema misitu ni mali ya Serikali. Kukata mbao kwa biashara kunataka kibali, na kibali cha ukataji wa mikono ni cha Wakongomani tu. Kwenye depo, mnunuzi hana namna ya kujua ubao umekatwa kwa kibali ao bila kibali. Wanachanganywa pamoja, bei ni moja. Anayefuata sheria anapata hasara, anayekata usiku anapata faida.

Mulombwa unahitaji makumi ya miaka kufikia unene wa kupasua mbao nzuri. Mtoto anayezaliwa leo anaweza kuzeeka kabla mche uliopandwa leo haujawa ubao. Kwa hiyo kila mubanga na kila mulombwa tunaoweka fasi ambayo matofali yangetosha, tumeupoteza bure.

Tahadhari na vidange, paleti na mbao za kijani

Ubao mzuri ukikosekana, watu wanatafuta dawa. Ya kwanza utakayosikia ni "weka vidange, itashika tu". Mafuta ya vidange yanapunguza maji kuingia kwa muda, ni kweli. Lakini yanakaa juu juu, mvua inayaosha, na yanaingia kwenye udongo. Mafuta hayo yana madini mabaya ya injini. Kwenye lupango ambapo kuna kisima na watoto wanatambaa kwenye jukwaa, hiyo si dawa. Anayeitumia aipake kwenye mihimili ya chini tu, mbali na kisima, na kamwe si kwenye mbao ambazo watu wanakalia.

Ya pili ni ubao ao nguzo ya rangi ya kijani kidogo, iliyotiwa dawa kiwandani. Ile rangi ya kijani inatoka kwa shaba, shaba ileile tunayochimba. Kuvu na mchwa havipendi shaba. Ubao uliotiwa dawa kwa presha unaweza kukaa miaka mingi, na kwa jukwaa la kudumu ni chaguo zuri. Lakini dawa nyingine za aina hii zina pia arseniki, ambayo ni sumu. Ubao huo usichome. Vipande vinavyobaki visipelekwe kwenye mbabula, wala kwenye moto wa kilio ambapo chakula cha watu mia kinapikwa. Ukichomwa, sumu inatoka kwenye moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Tunasema hivi kwa nguvu kwa sababu kwetu hakuna kipande cha mti kinachotupwa.

Ya tatu ni paleti zinazotoka kwenye makampuni ya migodi. Bei yake ni ndogo, na vijana wengi wanazitengenezea viti na majukwaa. Angalia muhuri uliochomwa pembeni. Herufi HT zina maana paleti ilipitishwa kwenye joto ili kuua wadudu. Herufi MB zina maana ilipigwa gesi ya sumu, hiyo iache. Lakini hata HT haikuambii nini kilimwagika juu yake. Paleti zinazobeba dawa za kusafishia madini zinaweza kuwa zimelowa vitu vibaya. Ikiwa ina doa ao harufu kali, hata ya bure usiichukue. Na ujue kwamba joto la HT halifanyi ubao udumu kwenye mvua: paleti nyingi ni pini ya kawaida.

Hesabu ya jukwaa la mita 4 kwa 5

Tuchukue jukwaa dogo la mita 4 kwa mita 5, linalotosha bashi ya familia. Seremala mwenye akili ataligawanya mara nne.

*Miguu*: fasi 20 za kukanyagia chini. Hapa usiweke ubao wowote. Weka bloku za sima, mawe, ao matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri, yenye kimo cha sentimita 20 mpaka 30. Juu ya kila mguu lala kipande cha bati la zamani, pembe zake zimekunjwa kuelekea chini. Bati linazuia unyevu kupanda, na mchwa akijaribu kulizunguka utamuona.

*Mihimili ya chini*, ile madriye: 5, kila moja mita 4. Hapa njo pa kutumia franga. Tafuta mubanga ao kiini cha mulombwa, hata kama ni vya zamani, vilivyotolewa kwenye nyumba iliyobomolewa. Madriye ya zamani ambayo mchwa hakuila kwa miaka 20 imekwisha kufanya mtihani wake. Na ni vipande 5 tu.

*Shevroni*: 9, kila moja mita 5, zimeachana kwa nusu mita. Kaliptusi iliyokomaa na kukauka inatosha, kwa sababu haigusi udongo.

*Planshi za juu*: 25, za upana wa sentimita 20. Hapa pini inatosha. Acha nafasi ya milimita 5 ao 6 kati ya planshi na planshi, maji yapite na upepo upande. Watu wengi wanazibana ili jukwaa lionekane zuri. Maji yanabaki pale katikati, na pale njo kuoza kunaanzia. Mama mwenye viatu vya kisigino atalalamika kidogo, basi tandika mkeka.

Ona jinsi bei inavyogeuka. Ukijenga jukwaa lote kwa pini na kulilaza chini, unalipa kidogo leo na unalipa tena baada ya mvua mbili. Ukijenga lote kwa mubanga, hautamaliza kulipa. Ukiweka ubao mzuri kwenye vipande 5 na matofali kwenye miguu, mwili wa jukwaa unabaki, na kazi yako ni kubadilisha planshi moja moja inapochoka. Tufanye mfano tu: ubao wa bei 1 unaodumu mvua 2, na ubao wa bei 2 unaodumu mvua 8. Kwa mvua 8 ule wa kwanza utakuwa umeununua mara 4. Ule wa "bei ya chini" umekugharimu mara mbili ya ule wa "bei ya juu", na hatujahesabu mguu wa mama mkubwa.

Mambo matatu ya mwisho kwa anayetengeneza. Nunua mbao mwezi wa 8 ao wa 9, mwisho wa kiangazi, wakati zimekauka na kabla watu wote hawajakimbilia depo. Linganisha planshi mbili za mti mmoja na kipimo kimoja: ile nzito zaidi bado ina maji ndani, na itapinda ikishapigwa misumari. Tumia visi kuliko misumari, ili uweze kufungua jukwaa sherehe ikiisha, kuliosha matope na kulipanga penye kivuli, vijiti vikiwa katikati ya planshi na planshi. Jukwaa la kukodi linalofunguliwa na kukaushwa linashinda kwa mbali lile linalorudishwa limelowa na kurundikwa chini ya bashi.

Kilicho juu ya uwezo wa seremala

Ushauri huu unasaidia lupango moja moja. Haurudishi pori. Kama kila mwaka tunapika kwa makala bila kupanda, siku moja hata zile madriye 5 zitakosekana, na pini ya Zambia itakuwa na bei wanayotaka wao.

Njia ziko. Ku Mampu, upande wa Kinshasa, karibu hektari 8.000 zilipandwa akasia, na wakulima wanalima mihogo katikati ya miti na kupata makala bila kumaliza msitu wa asili. Sheria nayo imefungua mlango: dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya kijiji kupewa msitu wake, mpaka hektari 50.000, kuusimamia na kuutumia. Kijiji chenye karatasi mkononi kinaweza kumuuliza mwenye lori: nani amekutuma? Kijiji kisicho na karatasi kinaangalia tu malori yanapita.

Viongozi wa jimba la Haut-Katanga wanaweza kuanza na jambo dogo ambalo halihitaji mfadhili: kulazimisha kila depo kuandika jina la mti na fasi ulikotoka. Mnunuzi atajua analipia nini, na aliyekata kwa kibali ataonekana tofauti na aliyekata usiku.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, kabla ya mvua kubwa, inama uangalie chini ya jukwaa lenu, la kanisa ao la karitye. Chukua kisu, choma ubao upande wa chini. Kama kisu kinaingia kama kwenye mkate, usisubiri kilio kinachofuata. Mtoe mama mkubwa wa watu hatarini leo, kwa ubao mmoja na visi nne.